Ulipopiga Magoti Mbele ya Shela Langu

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Najua marahaba yako sitaisikia, ila siwezi kuanza kuongea na wewe bila shikamoo. Ungeninunia huko uliko.

Jumamosi nimepiga picha harusi moja kule Gitting, peke yangu, kwa kamera yako. Mwanangu Neema nilimwacha na mama. Bibi harusi aliingia kanisani ameshikwa mkono na baba yake, kichwa chini kabisa, kama tunavyofundishwa huku kwetu: ukicheka siku hiyo watasema ulichoka kukaa kwenu. Nikakumbuka ulivyokuwa ukisema, "Yeye hainui uso, basi shuka wewe." Nikapiga magoti katikati ya njia. Mama mmoja akasema, "Na mpiga picha naye ameamua kutubu leo?" Wakacheka. Na wewe walikuwa wanakutania hivyohivyo, na ile suruali yako iliyochakaa magotini.

Unaikumbuka harusi yangu pale Mogitu? Mkoa wetu ulikuwa bado mpya, na mpiga picha tuliyemjua ni wewe tu. Nilikuomba unishike mkono. Ukasema, "Nikikushika mkono, nani atakupiga picha? Baba yako mdogo atakuleta. Mimi nitakuwa mbele yako." Iliniuma. Wenzangu wote waliletwa na baba zao. Mimi baba yangu alikuwa anatembea kinyumenyume, kamera usoni.

Mkanda wa picha uliporudi kutoka kusafishwa, picha zilikuwa nzuri, ila wewe humo hata katika moja. Haukupita muda ukaugua, ukatuacha. Neema hakukuwahi. Kila akiiona ukutani ile picha yangu nikiingia kanisani na baba mdogo, anauliza, "Babu yuko wapi?" Nilikuwa namwonyesha baba mdogo, namwambia babu alifanana na huyu kidogo, basi.

Sasa hiyo Jumamosi, nikiwa nimepiga magoti, yule binti alifika karibu, macho yetu yakakutana chini ya shela. Alikuwa anatetemeka. Nikamwambia polepole, "Njoo tu, mdogo wangu." Akaniangalia mimi, si baba yake aliyemshika, wala mwanamume anayemngoja kule mbele. Akatulia, nikapiga.

Hapo ndipo iliponirudia, Baba. "Njoo tu, mwanangu." Uliniambia hivyo. Ukateremsha kamera kidogo, nikaona macho yako yamejaa, ndipo ukapiga.

Jana nimeitoa picha ukutani, nikamweka Neema mapajani. Nikamwambia, tazama macho ya mama.

"Unamwangalia nani?"

"Babu yako. Amepiga magoti hapa mbele yangu."

Akaisogeza usoni, akaitazama kwa muda. Kisha akasema, "Shikamoo, Babu."

Mwitikie, Baba, hata kwa sauti ndogo. Na mimi acha nikaangalie maharage jikoni. Kamera yako naitunza, na magoti yangu bado yana nguvu.

Mimi binti yako uliyemtangulia mpaka madhabahuni,
Mama Neema