Kabla Haijakufikia

Katelembo, Machakos
5 Machi 2000

Mwanangu Maundu,
Natumaini u mzima huko Sierra Leone. Sisi tuko salama, ila mvua bado. Mama yako ametundika picha yako ya jeshi sebuleni, kila mgeni anaonyeshwa. Nimemwomba aitoe, sasa hatuongei vizuri. Nilikuambia usiingie jeshini na sijabadilika. Bunduki haileti amani.
Baba yako

Sierra Leone
2 Aprili 2000

Baba,
Salamu ziwafikie wewe, mama na dada yangu mdogo Kanini. Malaria imeniacha. Baba, hatukuja kupigana, tumekuja kusimama katikati ya wanaopigana. Hapa kuna watoto waliokatwa mikono. Nani atawalinda? Nchi imenituma na ninajivunia. Wewe pia ulikuwa askari kule kaskazini, na hujawahi kusema kwa nini uliacha. Kama kuna sababu, niambie.
Mwanao, Maundu

Katelembo
30 Aprili 2000

Mwanangu,
U hali gani? Barua hii nimeianza mara nne.
Mwaka wa 1967 tulikuwa tunalinda kisima. Mtu akaja na kitu begani, nikampiga risasi. Kilikuwa kiriba cha maji. Afisa alinisifu, nikapandishwa cheo. Nikaacha kazi mwaka huo huo. Mama yako hajui. Sijawahi kukuchukia, nilikuogopea. Rudi kabla siku kama hiyo haijakufikia.
Baba yako

Sierra Leone
17 Juni 2000

Baba,
Mwili hauna neno. Barua yako nimeipata siku nne baada ya lile uliloliogopa kunifikia.
Tulivamiwa barabarani. Gatimu, rafiki yangu, amekufa. Nilifyatua kuelekea kichakani. Aliyeanguka alikuwa mtoto, mdogo kuliko Kanini. Alikuwa na bunduki, baba, niliiona. Nisingepiga tungekufa sote. Hilo nalijua, na bado chakula hakipiti. Wakubwa wamenisifu.
Narudi Agosti. Usimwambie mama.
Maundu

Katelembo
9 Julai 2000

Mwanangu,
Pole. Pole sana. Barua nimeisomea shambani.
Mama yako na chifu wamepanga kukupokea Machakos mjini kwa kwaya na bendera. Nimejaribu kuwazuia nikashindwa, maana siwezi kutoa siri yako. Kwa hivyo usifike Machakos. Shukia Athi River, njiani kabla ya Machakos. Kuanzia tarehe moja Agosti nitakuwa stendi kila asubuhi. Watakasirika, wacha wakasirike.
Si lazima useme kitu. Mimi niliporudi sikuwa na mtu wa kukaa naye. Wewe unaye, mimi niko.
Baba yako