Felti za Tarumbeta la Baba

3 Machi

Dada yangu mpenzi,

Hamjambo hapo nyumbani? Mama na magoti yake, wanaendeleaje? Mimi mzima, anayeumwa ni tarumbeta la marehemu baba. Nikibonyeza vitufe, valvu zake zinazopitisha pumzi zinagonga ko-ko-ko kama kiatu kilichong'oka soli. Nadhani vile vitambaa vizito vya felti vinavyokaa chini ya vitufe vimelika. Mwezi ujao kiongozi wa bendi anachagua mpigaji wa kwanza, mimi au mwenzangu tunayemwita Mashavu. Simwamini fundi mwingine ila wewe uliyerithi karakana ya baba. Nalituma kwa basi. Nisaidie, dada.

Mdogo wako

12 Machi

Mdogo wangu,

Sisi wazima. Magoti ya mama ni yale yale, ila mgeni akija anainuka bila fimbo kwenda kumwonyesha picha yako ukutani. Yangu haipo. Labda msumari ulikuwa mmoja.

Nimesafisha valvu na kubadilisha felti zote tatu. Kila la heri.

Dada yako

20 Aprili

Dada,

Salamu nyingi kwako na kwa mama. Afya ninayo, moyo sina. Nimeshindwa. Sauti zisizohitaji kubonyeza zilitoka safi, lakini kila nilipobonyeza, kama mazoezini wiki zile zote, ilikuwa kama mtu kaziba bomba kwa kiganja. Nikaongeza pumzi, sauti ikapasuka mbele ya watu wote. Kiongozi akasema, "Asante, inatosha," nami hata nusu sijafika. Mashavu ndiye wa kwanza sasa.

Kazi yako siitilii shaka. Ni midomo yangu. Nafikiria kuacha, nimeulizia kazi kwa mshona mapazia.

Mdogo wako

30 Juni

Mdogo wangu,

Hujambo? Mama anauliza mbona kimya, nami namjibu una shughuli. Mwenye kunyamaza ni mimi.

Usiache. Midomo yako haina kosa. Felti nilizokuwekea ni nene mno, na nilijua. Nilichungulia ndani kwa kile kioo kidogo cha baba, nikaona: ukibonyeza, valvu haifiki chini. Tundu lake na tundu la bomba yanapishana kwa unene wa ukucha, na pumzi inajikwaa hapo. Felti sahihi zilikuwa mezani, karibu na kikombe changu cha chai. Nikalifungasha hivyo hivyo.

Aliyeanza kulipiga tarumbeta lile ni mimi, wewe hata meno ya mbele huna. Ulipofika miaka tisa baba akakusikia ukilipiga mara moja tu, akalitoa mikononi mwangu akakupa. Akaniambia, "Wewe una mikono ya ufundi." Miaka kumi na minane nafuta mate ya watu kwenye vyombo vyao. Nilipofungua kifurushi chako, wivu ulinipanda.

Ndani ya bahasha hii mna felti sahihi. Fundi yeyote atakufungia. Mama sijamwambia.

Dada yako

14 Julai

Dada,

Mama hajambo? Mimi mzima.

Nilijua. Wiki moja baada ya barua yangu, fundi wa bendi alilichungulia tarumbeta akasema, "Aliyefunga felti hizi ama haoni, ama hakupendi." Nikamwambia asiguse kitu. Nikaazima tarumbeta jingine, nikasubiri uniambie mwenyewe. Kila nilipomwona mleta barua, nilimkimbilia. Umechelewa sana, dada, lakini umesema.

Hasira haijaniisha. Ila wivu nami naujua. Kila jioni nilikuwa nafungiwa chumbani nifanye mazoezi, huku nawasikia wewe na baba karakanani mnacheka. Sikuwahi kuharibu kitu chako. Kutamani, nilitamani.

Felti sijafunga. Jumamosi nakuja na tarumbeta. Utazifunga wewe, nami nitakaa mbele yako, macho yangu mikononi mwako mpaka umalize. Halafu utakuwa wa kwanza kulipiga.

Mdogo wako