Biskwi ya muhogo imeshikana!

Beni

Kavira mudogo yangu,

Ikala chini kwanza, juu hii habari itakurusha! Vita bado iko, camion zenye kuleta farine ya ngano zimekwama kule Kasindi ku mupaka, na Noeli ndiyo hii. Sokoni hakuna ngano hata kidogo. Tantine, shangazi yetu, akasema: « Lakini, Noeli bila biskwi ni Noeli gani? » Akakamata bunga ya muhogo, ile ya bugali yetu ya kila siku, akatia sukari, mayai na mafuta. Yote ikavunjika sawa muchanga! Akakasirika, na mukono yake ikafanya kazi yenye imezoea: akamwanga maji ya moto, akaanza kusonga na mwiko sawa vile anapika bugali. Nilicheka mpaka machozi. Kuangalia hivi, bunga imeshikana! Tukaikata na kinywa ya gilasi, tukaipanga mu sufuria, makala ya moto chini, makala ingine juu ya kifuniko. Harufu ikaita jirani wote. Inje inalia kru-kru, ndani ni laini kabisa!

Kavira, kila Noeli ni weye unapitishaka sahani kwa wageni, juu ngano inakuumizaka tumbo. Unaangaliaka tu vile wengine wanakula. Nimekufungia mukebe muzima. Njia ya Butembo ikifunguka, nakuja nayo. Mungu achunge mama na weye.

Noeli hii ni miye nitapitisha sahani. Weye utaikala, utakula.

Yaya yako mwenye kukupenda,
Masika