Mizabibu Kumi na Moja Nyuma ya Zizi

Jumatatu, 4 Agosti

Elia amenyonya, amecheua, amelala. Siku ya nane ndani. Zimebaki thelathini na mbili zitimie arobaini. Mama mkwe hataki hata nisimame mlangoni, ati upepo wa mlima utaniingia mgongoni. Uji wa ulezi na siagi asubuhi, mchana, jioni. Nimeanza kunuka siagi mwenyewe.

Dirisha ni dogo kama sinia. Naona ukuta wa zizi, kipande cha mlima Hanang, na mizabibu yangu minne. Yote iko kumi na moja. Saba siioni.

Pingili alinipa kaka yangu Fabiani, anafanya kazi mashamba ya zabibu Dodoma. Nilizipanda mwenyewe, mwaka wa pili huu. Ikizaa, nitaezeka chumba chetu. Mimi, Elia na baba yake Paskali, na mlango wetu wenyewe. Sitaki kingine. Lakini lazima ipogolewe mwezi huu, ikiwa bado imelala. Paskali yuko Mererani machimboni mpaka Krismasi. Na mimi ndiyo hivi.

Mama mkwe nilimwambia ni zabibu za kula tu. Si kweli. Ni za mvinyo.

Jumatano, 6 Agosti

Fabiani anajua nachoka ndani. Kazini kwao wako kwenye mafunzo, mwalimu anawaeleza mvinyo ulivyoanza Marekani, na yeye ananirekodia sauti. Simu yangu spika ya sikioni imekufa. Lazima nifungulie sauti kubwa. Nasubiri Mama aende kisimani.

Leo kasema wazungu waliohamia kule walipeleka mizabibu ya kwao Ulaya ikafa, mwaka baada ya mwaka. Hawakujua kuna kidudu kinakula mizizi. Mizabibu ya porini ya kule kule haikufa. Baadaye kidudu kikavuka mpaka Ulaya, mashamba yakaisha. Dawa ikawa nini? Wakachukua mzizi wa Marekani, wakafunga juu yake tawi la Ulaya. Vikashikana, vikaishi.

Nimecheka peke yangu. Mimi na Mama hivyo hivyo. Tawi la kwetu Masakta kwenye mzizi wa kwao Gendabi. Kushikana bado.

Jumamosi, 9 Agosti

Nimemwomba Mama anipogolee. Nikamwonyesha kwa vidole. Ukate, uache macho mawili, pale jani linapotokea.

"Mama Elia, mimi nina ng'ombe, nina kuni, nina wewe. Sasa niwe na macho ya miti pia?"

Ameondoka anacheka. Mimi sikucheka. Siku zinakwenda.

Nampenda lakini, lazima niandike. Usiku mtoto akilia anamchukua kabla sijaamka. Ana mikono ya moto. Ila ananifungia humu kama ndama.

Jumanne, 12 Agosti

Nimeharibu.

Nilidhani yuko kisimani. Fabiani alikuwa anasimulia wakati serikali ya Marekani ilipopiga marufuku pombe nchi nzima, miaka kumi na mitatu. Wengine waling'oa mashamba. Wengine walipona kwa kutengeneza mvinyo wa kanisani, ule uliruhusiwa. Wengine waliuza zabibu mbichi. Wengine walikausha wakafinyanga kama tofali, wakabandika onyo: usiloweke kwenye maji ukaacha siku kadhaa, itageuka mvinyo. Watu wakasoma onyo, wakafanya hivyo hivyo. Fabiani akacheka mpaka akakohoa. Halafu akasema, "Na wewe hizo zako za mvinyo usimwambie mama mkwe, akijua ataloweka."

Mama alikuwa amesimama mlangoni na ndoo kichwani.

Ndoo aliishusha polepole, haikumwagika hata tone.

Jumatano, 13 Agosti

Uji umeletwa. Umeachwa kizingitini.

Baba mkwe sikumkuta. Paskali alinisimulia mara moja tu. Mzee alitoka kilabuni amelewa, baridi ya mwezi wa saba, akalala njiani. Mama ndiye aliyemkuta amekufa, asubuhi akienda kukata majani ya ndama. Mimi nilijua haya yote, na bado nilipanda.

Alhamisi, 14 Agosti

Amelichukua panga leo.

Nilimwona dirishani, Elia begani. Alianza na ule wa karibu. Pa. Pa. Matawi yote yakaanguka. Akahamia wa pili. Nilipiga ukuta kwa kiganja, nikaita "Mama! Mama, nisamehe!" Hakugeuka. Ule wa nne ulipoisha akapita upande nisiouona. Nikabaki nasikia panga tu. Nilihesabu mpaka kumi na moja.

Mlango ulikuwa wazi. Sikutoka. Ningetoka na maziwa haya, na huyu mtoto, niende wapi?

Ijumaa, 15 Agosti

Visiki. Mbuzi wanakula matawi.

Jumapili, 17 Agosti

Kinamama wa maombi wamekuja kumwona mtoto. Shikamoo, marahaba, shikamoo, marahaba, nimeketi kitandani kama picha. Mmoja mnene akasema, "Tumesikia ulitaka kutufungulia baa, Mama Elia!" Wakacheka. Mama hakucheka. Akasema, "Mwacheni. Amezaa juzi."

Sijui kama alinitetea. Nimelifikiria neno hilo siku nzima.

Jumatano, 20 Agosti

Nilimpigia Fabiani picha kupitia dirisha, aone msiba. Amejibu: "Nani kapogoa? Mwambie aje Dodoma tumpe kazi." Anasema mimi ningeogopa ningekata kidogo, ningeiharibu. Visiki vimebaki vifupi, macho mawili mawili. Ndivyo inavyotakiwa. Ikipata maji itachipua ndani ya wiki mbili au tatu.

Sasa nifanye nini? Nikimwambia Mama, atachukua jembe amalize na mizizi. Nikinyamaza, nimemdanganya mara ya pili, tena ndani ya nyumba yake, nikila siagi yake.

Natembea kitanda mpaka dirisha, dirisha mpaka kitanda. Elia anashangaa.

Alhamisi, 21 Agosti

Nimemwambia.

Alikuwa anamwogesha Elia kwenye beseni. Nilisema yote. Kwamba nilidanganya. Kwamba nilijua habari ya Mzee. Kwamba alivyokata ndivyo inavyokatwa, na haijafa. Nilisema haraka nisije nikajirudi.

Amemfuta mtoto. Shingoni, kwapani, polepole. Ndipo akasema, "Mzee naye alianza kwa kuonja."

Akabeba beseni, akatoka. Nikasikia jembe linaguswa ukutani.

Jioni

Alienda shamba la maharage.

Ijumaa, 29 Agosti

Siku nane zimepita. Sioni kitu kwenye visiki. Vikavu, ncha tu juu ya nyasi. Kila asubuhi jembe likitoka nasikiliza linaelekea wapi. Mgongo unauma kwa kulala. Nimehesabu miti ya dari mara tatu. Fabiani ametuma sauti nyingine, sijaifungua.

Jumanne, 2 Septemba

Mama mwenyewe kaniuliza. Anakuna kichwa cha Elia, haniangalii.

"Wale Wamarekani wako. Walikwisha au walipona?"

"Walipona, Mama. Siku hizi wanalima zabibu nchi nzima."

"Sisemi wa kanisani. Sisemi wa matofali. Wale waliouza mbichi."

"Nao walipona."

Akamfunika Elia kichwa. "Katesh sokoni wanakula zabibu?"

"Wanakula."

"Za kula nitabeba mwenyewe kichwani. Kwenye chupa, hata tone, sitaki hapa. Nikifa pia sitaki."

Nimesema ndiyo. Kule Dodoma wanakonunua za mvinyo, mlango umefungwa. Chumba changu kitachelewa, labda miaka. Nililia kidogo alipotoka. Lakini nilisema ndiyo, na safari hii si uongo.

Jumamosi, 6 Septemba

Nimetoka.

Jua limeniuma macho. Nimembeba Elia kifuani, nikamwonyesha mlima mzima, si kipande. Amepiga chafya.

Nikaenda nyuma ya zizi. Ile minne ya dirishani ina vichipukizi, vya pinki, vidogo kama kucha za Elia. Nikaendelea kwenye ile saba nisiyokuwa nikiiona. Nayo imechipua. Kila shina limechimbiwa kisahani, udongo umelowa. Wa mwisho, kule mbuzi wanakopita, umezungushiwa miiba.

Nimeinama. Udongo unanuka sabuni ya mtoto, ile ya kwenye beseni.

Mama alikuwa anakamua. Sikumwita. Nimekaa pale juu ya jiwe mpaka Elia akataka kunyonya.