Sukari Imepanda, Lakini Siumwi

Baba Arwa,

Wali na mchuzi wa samaki nimevifunika jikoni. ~~Vile vidonge vya uwatu vya kushusha sukari alivyoleta shemeji Anwar kutoka Dubai vitupe.~~ Hapana, nimeondoka navyo, nakwenda kumwonyesha daktari.

Asubuhi nilimeza viwili kabla ya kula, mikono ikaanza kutetemeka, nawe ukaniuliza, "Kwani wewe unaumwa au huumwi?" Nilinuna kwa sababu nami najiuliza hilohilo. Nilipopima, daktari alisema sukari imepanda ila bado si kisukari, nipunguze wanga, nitembee. Dawa hakunipa. Sasa kama mie mzima, mbona naogopa hivi? Marehemu mama naye alianza hivihivi.

Ukiwahi kurudi, nifuate hospitali. Sitaki kusikia jibu la daktari peke yangu.

Mkeo,
Mama Arwa