Jina la Baba Mkwe

Jumanne, kambini

Bado nacheka peke yangu. Majirani watasema mama huyu sasa kachanganyikiwa.

Leo nilimsindikiza Konsolata kwenye ofisi ya watoto waliopotezana na wazazi, kumchukua mwanawe Keza. Tangu nilipompata wangu, ndiyo kazi yangu: nakaa na wenzangu kwenye benchi nikiwaambia wasiogope, huku mwenyewe naogopa kuliko wao.

Karani akamwuliza, "Babu yake Keza, mzaa baba, anaitwa nani?"

Konsolata akainamisha kichwa. Karani akauliza tena, naye akazidi kuinama.

"Mama, mtoto mwenyewe amelitaja. Usipolijua, simtoi."

Konsolata akaanza kulia. Karani ni mtu wa Pwani, angejuaje kwamba kwetu mke halitamki jina la baba mkwe?

Nikamwambia karani, "Mwanangu, yasome wewe majina, la huyo mzee ulichanganye na mengine. Halafu mtazame huyu mama."

Akasoma la kwanza, Konsolata akatikisa kichwa. La pili, vilevile. La tatu lilipotoka, alijifunika uso mzima kwa kitenge.

Karani akacheka mpaka akavua miwani. "Basi mama, nimesikia."

Nawaza ni wangapi walioondoka pale mikono mitupu kwa sababu ya adabu hiyohiyo. Kesho nitawahi benchi.

Keza alipoletwa, alipanda mgongoni kwa mama yake akagoma kushuka, hata wakati wa kula. Basi nikazunguka nyuma na sahani ya maharage, mimi na kiuno changu kibovu, nikamlisha hukohuko juu.