Mpira Aliouficha Sir

Dada Irene! Ule mpira wa bosi wangu, sir, wenye umbo la yai, ambao kila wiki naukuta kabatini, naupangusa na kuurudisha sebuleni. Miaka miwili!

Leo kaniuliza, "Mama Zakayo, kwa nini unautoa?"

Nikacheka mimi! "Si ndio ulikuwa kazi yako Marekani, sir? Usifiche baraka."

Akakaa chini. Kazi yake ilikuwa kuupiga juu sana, wenzake wakimbie kumwangusha anayeudaka. Huo wa kabatini aliupiga vizuri kuliko yote. Kijana wa kuudaka aliutazama angani, hakuwaona wanaokuja. Wakamwangusha, hakuamka tena.

Vizuri kuliko yote, Irene!

Nikataka kuurudisha kabatini. Akanizuia. "Khalas, basi, uache. Nimechoka kumficha yule kijana."

Niko jikoni, nataka kumwombea marehemu. Sikuuliza hata jina.